Sema "mchemraba" uuone mezani: mwongozo kamili wa kutengeneza somo la AR linalosikiliza Kiswahili

Nimepokea ujumbe mwingi kutoka kwa walimu na wazazi waliojaribu somo hili wakakwama, na karibu wote wamekwama palepale. Kioo kinakuwa cheusi. Au kamera inafunguka lakini umbo halitokei. Au mtoto anasema "tufe" na simu inaandika kitu cha ajabu. Basi twende polepole, hatua moja baada ya nyingine.

Ukimaliza utakuwa na kadi ya karatasi mezani na simu iliyoielekea. Mtoto anagusa kitufe kikubwa, anasema "mchemraba", na mchemraba mwekundu unasimama juu ya kadi kana kwamba umewekwa pale. Simu inasoma maelezo yake kwa sauti, na maandishi yanatokea juu ya kioo. Huo ndio uhalisia ulioongezwa, ambao wengi wanauita AR.

Nimechagua maumbo kwa sababu mchoro wa mchemraba kitabuni ni bapa, una mistari ya nukta nukta, na mtoto anaambiwa avute picha ya upande asiouona. Mtoto asiyeweza kushika kalamu, au anayesoma kwa shida, anaachwa nyuma mapema sana hapo.

## Vitu vya kuandaa

- Simu ya Android yenye Chrome. Si lazima iwe ya bei kubwa: njia hii haihitaji ARCore, yaani programu ya Google ya AR, ambayo simu nyingi za bei nafuu hazina.
- Bando. Ukurasa unapakua programu mbili, na kusikiliza sauti kunahitaji mtandao kila mara. Usipange kipindi kwenye darasa lisiloshika mtandao.
- Kompyuta kwa nusu saa. Simu inaweza, ila utateseka.
- Akaunti ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi faili na kuziweka hewani, ni bure.
- Picha ya alama ya Hiro (nitaieleza hatua ya 2), iliyochapishwa steshenari kwa rangi nyeusi.
- Karatasi ya manila, gundi, na kipande cha kamba ya katani.
- Daftari na kalamu. Vya kazi gani? Utaona hatua ya 5.

Wenye iPhone mnisamehe, maelekezo haya si yenu. Firefox nayo iacheni, haina sehemu ya kusikiliza sauti tunayoitumia.

## Hatua ya 1: Hakikisha simu inasikia Kiswahili

Fungua sehemu ya kuandika ujumbe. Kwenye kibodi ya Gboard ingia kwenye mipangilio, kisha lugha, ongeza Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya. Badili kibodi iwe ya Kiswahili, gusa alama ya maiki, sema: "Mwalimu ameandika ubaoni."

Ukurasa wetu hautumii Gboard, kwa hiyo unaweza kujiuliza jaribio hili ni la nini. Linakuambia kama maiki, mtandao na huduma ya sauti ya Google vinafanya kazi kabla hujagusa kodi, yaani maandishi ya programu utakayoyaweka hatua ya 3. Mtu akiruka hatua hii, mbele ataishia kulaumu kodi isiyo na kosa.

Umefaulu ukiona sentensi yako imeandikwa, hata kama herufi moja mbili zimekosewa. Ukipata maneno ya Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu, kibodi bado iko kwenye Kiingereza.

## Hatua ya 2: Tengeneza kadi

Tafuta "Hiro marker" kwenye picha za Google. Ni mraba wenye fremu nene nyeusi na neno "Hiro" katikati. Uchapishe uwe na upana wa sentimita 8 hivi, ubandike kwenye manila.

Acha nafasi nyeupe kuzunguka fremu, angalau upana wa kidole. Kamera inaitambua kadi kwa kutofautisha weusi wa fremu na weupe wa pembeni. Ukikata hadi kwenye fremu kisha ukaiweka juu ya meza ya rangi nzito, simu haitaona kitu.

Tahadhari: usiifanyie lamination. Najua walimu tunapenda, kadi inadumu. Lakini plastiki inarudisha mwanga wa dirisha, na sehemu inayong'aa inaifuta alama machoni pa kamera. Heri uchapishe nyingine zikichakaa.

Kwa mtoto mwenye uoni hafifu, bandika kamba ya katani kuzunguka kadi, nje ya ile nafasi nyeupe. Ataitafuta kwa vidole na kujua kadi ilipo bila kuuliza.

## Hatua ya 3: Andika faili

Kwenye GitHub tengeneza hifadhi mpya ("repository") ya wazi ("Public"), iite `maumbo`. Ndani yake tengeneza faili lenye jina `index.html`, kwa herufi ndogo zote. Kisha weka hii:

```html
<!DOCTYPE html>
<html lang="sw">
<head>
<meta charset="utf-8">
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
<script src="https://aframe.io/releases/1.6.0/aframe.min.js"></script>
<script src="https://raw.githack.com/AR-js-org/AR.js/master/aframe/build/aframe-ar.js"></script>
</head>
<body style="margin:0; overflow:hidden">

<div id="maandishi" style="position:fixed; top:0; left:0; width:100%; font-size:28px; background:yellow; color:black; z-index:10"></div>
<button id="sema" style="position:fixed; bottom:0; left:0; width:100%; height:110px; font-size:40px; z-index:10">SEMA</button>

<a-scene embedded arjs="sourceType: webcam;" vr-mode-ui="enabled: false">
  <a-marker preset="hiro">
    <a-sphere id="tufe" visible="false" position="0 0.5 0" radius="0.5" color="yellow"></a-sphere>
    <a-box id="mchemraba" visible="false" position="0 0.5 0" color="red"></a-box>
    <a-cone id="pia" visible="false" position="0 0.5 0" radius-bottom="0.5" height="1" color="blue"></a-cone>
  </a-marker>
  <a-entity camera></a-entity>
</a-scene>

<script>
const maneno = {
  tufe: ["tufe", "mpira"],
  mchemraba: ["mchemraba", "mche mraba", "boksi"],
  pia: ["pia", "kofia"]
};
const maelezo = {
  tufe: "Tufe halina kona wala ukingo.",
  mchemraba: "Mchemraba una nyuso sita, kona nane na kingo kumi na mbili.",
  pia: "Pia ina kitako cha duara na ncha moja."
};

function onyesha(neno) {
  neno = neno.toLowerCase();
  let jibu = "Nimesikia: " + neno;
  for (const umbo in maneno) {
    const ndiyo = maneno[umbo].some(m => neno.includes(m));
    document.getElementById(umbo).setAttribute("visible", ndiyo);
    if (ndiyo) {
      jibu = jibu + ". " + maelezo[umbo];
      const sauti = new SpeechSynthesisUtterance(maelezo[umbo]);
      sauti.lang = "sw";
      speechSynthesis.speak(sauti);
    }
  }
  document.getElementById("maandishi").textContent = jibu;
}

const Msikilizaji = window.SpeechRecognition || window.webkitSpeechRecognition;
const sikio = new Msikilizaji();
sikio.lang = "sw-TZ";
sikio.onresult = e => onyesha(e.results[0][0].transcript);
document.getElementById("sema").onclick = () => sikio.start();
</script>
</body>
</html>
```

Kama uko Kenya, badili `sw-TZ` iwe `sw-KE`.

Maumbo yote matatu (tufe, yaani umbo la mpira, mchemraba, na pia, yaani koni) yanachorwa na programu yenyewe, hakuna picha ya kupakua. Ndiyo maana faili ni dogo, na ndiyo maana nakushauri uanze na maumbo kabla hujafikiria moyo wa binadamu au sayari.

Tahadhari kubwa: usiipitishe kodi hii kwenye Word. Word inageuza alama za kunukuu zilizosimama wima kuwa zile zilizopinda, na kivinjari hakizitambui. Kibodi ya simu nayo hupenda kuanza mstari kwa herufi kubwa, ikageuza `const` kuwa `Const`. Kosa la namna hiyo halitoi onyo lolote: unagusa SEMA na kunakuwa kimya. Nakili moja kwa moja, bandika moja kwa moja.

Umefaulu ukiona faili limehifadhiwa na mistari yote ipo, kuanzia `<!DOCTYPE html>` hadi `</html>`.

## Hatua ya 4: Liweke hewani

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanajitumia faili WhatsApp, wanalifungua, na kamera inagoma. Wanadhani simu ni mbovu.

Simu haina tatizo. Chrome haitoi kamera wala maiki kwa ukurasa usiotoka kwenye anwani salama, yaani inayoanza na `https`. Faili lililolala kwenye simu halina anwani hiyo. GitHub inakupa bure.

Kwenye hifadhi yako bonyeza "Settings", kisha "Pages". Chini ya "Branch" chagua `main`, bonyeza "Save". Subiri dakika chache. Anwani yako itakuwa `jina-lako.github.io/maumbo`, pale penye `jina-lako` likiwa jina la akaunti.

Ifungue kwa kuiandika ndani ya Chrome. Ukibonyeza linki ukiwa Facebook, mara nyingi inafunguka kwenye kivinjari cha humohumo Facebook, na ruhusa zinavurugika.

Chrome itaomba ruhusa ya kamera: kubali. Ukigusa SEMA mara ya kwanza itaomba ya maiki: kubali pia. Kama zamani uligusa "Kataa", haitauliza tena. Gusa alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia kwenye ruhusa, uifungulie.

Umefaulu ukiona meza yako halisi kwenye kioo, na kitufe cha SEMA chini. Elekeza kadi, gusa SEMA, sema "mpira". Tufe la njano likitokea, pumua.

Nimesema "mpira" makusudi, si "tufe". Sababu ndiyo hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Ufundishe ukurasa kumsikia mtoto wako

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu kwa umakini, iwe hii.

Mfumo wa sauti umezoea maneno yanayosemwa kila siku. "Pia" unaipata vizuri kwa kuwa kila mtu anasema "pia" kutwa nzima, japo hakuna anayemaanisha umbo. "Tufe" ni neno la darasani. Simu inajaribu kulifananisha na neno inalolijua, ikaandika "tupe" au "tufike". Ongeza hapo lafudhi. Mtoto anayebadilishana r na l atasema "mchemlaba" na simu itahangaika. Mwenye mtindio wa ubongo ambaye ulimi haumtii vizuri, simu itamsikia kivyake kabisa.

Kosa ninaloliona ni mtu mzima kumsimamia mtoto: "Sema vizuri! Tena! Tamka!" Baada ya mara tano mtoto ananyamaza na somo limekufa. Tukitaka mtu ajifunze upya hapa, tuanze na ukurasa, maana ukurasa hauna moyo wa kuvunjika.

Fanya hivi. Chukua daftari. Mwambie mtoto aseme neno moja mara kumi, kwa namna yake, bila kumsahihisha. Kila mara andika kilichotokea baada ya "Nimesikia". Hamia umbo lingine.

Nilipofanya hivi na mpwa wangu, "mchemraba" wake ulitoka hivi: mchele, mchele, kimya, mchele mla, cheka, mchele, mchele, kimya, mchele mbaya, mchele. Tulicheka wote wawili hadi mama yake akaja kuchungulia. Kisha nikafungua faili nikaongeza neno moja:

```
mchemraba: ["mchemraba", "mche mraba", "boksi", "mchele"],
```

Akasema tena vilevile alivyosema mwanzo, na mchemraba ukasimama mezani. Hajabadilisha ulimi wake hata kidogo.

Mambo matatu ya kuangalia unapojaza orodha:

Usiongeze neno fupi mno. Kodi inatafuta neno lako ndani ya chochote kilichosikika, hivyo ukiweka "tu", kila sentensi yenye "watu" au "kitu" italeta tufe.

Maumbo mawili yakitoa neno lilelile, usilazimishe. Mwache mtoto alichagulie moja jina lake. Ndiyo maana umbo la pia nimeliwekea "kofia". Ukurasa utamjibu kwa jina la darasani, kwa hiyo halipotei.

Na kama katika mara kumi simu imeandika vitu kumi tofauti, au haikuandika chochote, sauti si njia ya mtoto huyo kwa sasa. Mwekee vitufe. Kwa kila umbo ongeza mstari huu baada ya ule wa SEMA, ukibadili neno na kusogeza `bottom` kwa 100 kila mara:

```html
<button style="position:fixed; bottom:120px; right:0; width:45%; height:90px; font-size:26px; z-index:10" onclick="onyesha('tufe')">Tufe</button>
```

Vitufe hivi ni vya mwanafunzi kiziwi pia. Atagusa, ataliona umbo, na maelezo atayasoma kwenye ule ukanda wa njano.

Umefaulu mtoto akifaulu mara saba au nane kati ya kumi kwa kila umbo. Usitafute kumi kwa kumi, hata mimi siipati.

## Hatua ya 6: Simu isome kwa Kiswahili

Simu ikisoma "nyusou sitah" kama mtalii, haina sauti ya Kiswahili. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya kubadilisha maandishi kuwa matamshi, chagua injini ya Google, fungua orodha ya sauti, pakua Kiswahili. Mahali hasa panatofautiana kati ya simu na simu, hivyo tumia kisanduku cha kutafuta ndani ya mipangilio. Funga Chrome, ifungue upya.

Punguza na kasi ya kusoma kidogo. Kasi ya kawaida inamwacha mtoto anayesikia "kingo" kwa mara ya kwanza.

## Hatua ya 7: Darasani

Usimpe mtoto simu aishike. Mkono ukitikisika, kadi inapotea kwenye kamera na umbo linatoweka. Iegemeze simu kwenye rundo la vitabu, ikiwa imeinama, sentimita 30 hivi kutoka kwenye kadi.

Isiangalie kadi kutoka juu moja kwa moja. Mchemraba ukitazamwa kutoka juu ni mraba tu, na umbo la pia linakuwa duara tu. Utakuwa umerudi kulekule kitabuni.

Kadi iweke juu ya sahani bapa, na mtoto azungushe sahani. Umbo linageuka nalo, anaona uso wa nyuma, anahesabu kona. Hata asiyeweza kushika kitu kidogo ataisukuma sahani kwa kiganja.

Kelele ndiyo adui mkubwa. Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisha. Siku ya kawaida, hedifoni zenye maiki zinasaidia sana, maiki ikiwa karibu na mdomo. Gusa SEMA kwanza, hesabu moja, ndipo useme. Anayewahi kusema kabla maiki haijafunguka hukatwa silabi ya mwanzo.

Jambo moja kwa wazazi na walimu wakuu: picha ya kamera inachakatwa ndani ya simu, lakini sauti inatumwa kwenye seva za Google ili igeuzwe maandishi. Waombe wazazi ruhusa, na watoto waseme majina ya maumbo, si majina yao.

## Ukikwama

Kioo cheusi au cheupe: anwani haianzi na `https`, au kamera ilikataliwa ruhusa, au kuna programu nyingine inaishikilia kamera. Angalia kwa mpangilio huo.

Kamera inaonyesha lakini umbo halitokei: tazama ukanda wa njano. Kama umeandikwa "Nimesikia" na maelezo yapo, tatizo ni kadi: mwanga, mng'ao, au nafasi nyeupe. Kama "Nimesikia" ipo lakini maelezo hayapo, tatizo ni orodha ya maneno. Kama hakuna maandishi kabisa, ni maiki, mtandao, au alama za kunukuu za Word.

Umesahihisha faili lakini hakuna kilichobadilika: GitHub inachukua muda kidogo, na Chrome inatunza nakala ya zamani. Subiri, kisha ongeza `?2` mwisho wa anwani. Mara nyingine `?3`.

## Kuongeza umbo la nne

Sehemu tatu tu. Chini ya mstari wa umbo la pia, weka:

```html
<a-cylinder id="mcheduara" visible="false" position="0 0.5 0" radius="0.5" height="1" color="green"></a-cylinder>
```

Kwenye `maneno` weka koma baada ya mstari wa pia, kisha `mcheduara: ["mcheduara", "mche duara", "kopo"]`. Kwenye `maelezo`, koma tena, kisha `mcheduara: "Mcheduara una nyuso mbili za duara na ubavu uliopinda."` Jina lifanane sehemu zote tatu, herufi kwa herufi, na koma usizisahau. Halafu rudi kwenye daftari, mara kumi, uone simu inaliitaje.